Kwa wanaoanza kununua vyakula vya asili
Habari za jioni wapendwa. Wanaotaka kuanza, msibadilishe jiko zima kwa mkupuo, mtafilisika bure. Anzeni na kinacholiwa kila siku: mchele, mboga, mafuta ya nazi. Lebo ya "asili" yeyote anaweza kuibandika, kwa hiyo tafuteni alama ya Kilimohai, yaani ya mazao yaliyolimwa bila kemikali za viwandani. Ipo Afrika Mashariki tangu 2007, na hutolewa baada ya shamba kukaguliwa. Mama wa mchicha sokoni huenda hana alama hiyo. Muulizeni anapulizia nini na mara ya mwisho ilikuwa lini. Asali ikiganda haimaanishi imechanganywa sukari. Mafuta ya nazi nayo huganda kukiwa na baridi, tafadhali msinirudishie! Oda ya asali nafunga Ijumaa saa 2 usiku. Andikeni jina na idadi ya lita.