Barua kwa wanangu mnaosomea uzamili wa ushauri nasaha

Wanangu mlioko Makerere na vyuo vingine hapa Uganda,

Salamu. Naanza na jambo ambalo baadhi yenu halitawafurahisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulifanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Wenyeji wasio wataalamu wa tiba walifundishwa wiki mbili, kisha wakaongoza vikundi vya watu wenye sonona kwa wiki 16. Waliowekwa kwenye vikundi walipata nafuu kubwa kuliko ambao hawakuwekwa. Sasa kama wiki mbili zilifanya kazi hiyo, nyinyi mnakaa chuoni miaka yote hiyo mkitafuta nini?

Msiniambie cheti. Anayeongoza kikundi kijijini anahitaji mtu wa kumwuliza pale mwanakikundi anapoanza kusikia sauti wasizosikia wenzake, au anapotaja kujiua. Mtu huyo ni wewe. Ujue kwamba hapo kikundi pekee hakitoshi, na ujue nani ampeleke kituo cha afya au Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, leo hii, si wiki ijayo.

Halafu jifunzeni kutazama kikao chenu wenyewe. Mwanafunzi mmoja alimhudumia mama wa Kikongo kule Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, akaandika: "Mteja hatoi ushirikiano." Nadharia zote alikuwa nazo kichwani. Msimamizi akamwuliza swali moja tu: mkalimani ni nani? Kumbe ni jirani, nyumba ya pili kutoka kwa yule mama. Nani angefungua moyo mbele ya mtu atakayekutana naye kesho bombani akiteka maji? (Na Kiswahili mama yule alikuwa anakijua vizuri. Asiyejua ni mwanafunzi. Kijifunzeni, jamani, Wakongo wengi makambini ndicho wanachozungumza.)

Takwimu na mbinu za utafiti mtafundishwa, sina wasiwasi. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 isomeni wenyewe, hasa haki za mgonjwa.

Mkirudi kutoka mafunzo kwa vitendo, msimpelekee msimamizi kikao mlichong'ara. Mpelekeeni kile ambacho mteja alinyamaza nanyi hamkujua kwa nini. Na msimamizi akisema hana hata saa moja kwa wiki ya kuwasikiliza, mdaini kwa adabu. Ada mmelipa.

Mzee wenu,
Mshauri nasaha mstaafu, Kampala