Daktari wa familia asimwache mgonjwa wa saratani gizani

Mhariri,

Mama yangu alijua ana saratani kwa kusoma barua ya rufaa njiani. Daktari wetu wa familia, aliyemtibu miaka mingi, alimwambia tu kwamba ana uvimbe mdogo unaohitaji kuangaliwa na bingwa. Najua alimhurumia. Lakini huruma hiyo ilimwacha mama peke yake na neno zito kuliko yote aliyowahi kukutana nayo.

Mwaka 1961, utafiti wa Donald Oken mjini Chicago ulionyesha kuwa madaktari 9 kati ya 10 hawakupenda kumwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Kufikia 1979, utafiti kama huo nchini Marekani ulikuta asilimia 97 wakipendelea kusema. Tangu mwaka 2000 upo hata mwongozo wa hatua 6 wa kumpa mgonjwa habari mbaya, uitwao SPIKES, na hatua mojawapo ni kumuuliza mgonjwa angependa kujua kiasi gani. Swali hilo halihitaji mashine wala dawa!

Na mgonjwa akianza matibabu kwa bingwa, daktari wa familia asinyamaze. Ampigie simu, amuulize ameelewa nini, anaogopa nini. Mama aliingoja simu hiyo hadi mwisho.

Msomaji wako