Sare ya pointi 1, sare ya pointi 15: barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa J.League

Januari 2026

Kwa Bwana Yoshikazu Nonomura,
Mwenyekiti wa J.League,
Tokyo, Japani.

YAH: SHERIA YA SARE KATIKA MCHUJO WA KUPANDA DARAJA KUTOKA J2

Ndugu Mwenyekiti,

Salamu, na hongera kwa msimu wa 2025 wa J2, daraja la pili la ligi ya soka ya Japani. Mito HollyHock na V-Varen Nagasaki zilimaliza na pointi 70 kila moja, Mito ikabeba ubingwa kwa tofauti ya mabao. JEF United Chiba, klabu uliyoichezea mwenyewe, ilishika nafasi ya tatu na pointi 69. Mechi 38, na kilichokosekana ni pointi 1. Wawili wa juu walipanda moja kwa moja, na JEF ikaingia kwenye mchujo wa timu za nafasi ya tatu hadi ya sita, unaotoa timu moja ya kupanda: nusu fainali ikafungwa 3-0 na Omiya kabla ya kuzinduka na kushinda 4-3, kisha tarehe 13 Desemba ikaifunga Tokushima Vortis 1-0 na kurudi J1, daraja la kwanza, ambako ilishuka kutoka huko mwaka 2009.

Safari hii mambo yaliamuliwa kwa mabao, na ndiyo maana tunaona huu ni wakati mzuri wa kuandika. Hakuna mwenye kidonda kibichi.

Kanuni tunayoizungumzia ni fupi: mechi ya mchujo ni moja, uwanja ni wa aliye juu kwenye msimamo, na dakika 90 zikiisha kwa sare, huyo aliye juu anapita. Hakuna dakika 30 za nyongeza, hakuna penalti. Wazo lake tunalielewa. Timu iliyohangaika tangu Februari haistahili kunyang'anywa jasho lake mchana mmoja wa Desemba. Tatizo ni kwamba kanuni inasoma nafasi tu, pointi haizioni.

Tazama fainali zenyewe. Ukiacha miaka ya 2018 hadi 2022, ambapo mshindi wa mchujo wa J2 alikutana na timu ya J1 au mchujo haukuchezwa kabisa kwa ajili ya korona, tumekuwa na fainali tisa, na tatu ziliisha kwa sare. Mwaka 2015 Avispa Fukuoka ilikuwa na pointi 82, sawa na Júbilo Iwata iliyopanda moja kwa moja kwa tofauti ya mabao. Ikakutana na Cerezo Osaka yenye pointi 67, tena pale Nagai, uwanja ambao Cerezo huutumia kama nyumbani (enzi hizo uwanja wa fainali ulipangwa mapema). Ikasawazisha mwishoni, 1-1, ikapanda. Nani angelalamika? Pengo lilikuwa pointi 15.

Mwaka 2017 Nagoya Grampus yenye pointi 75 ilitoka 0-0 na Fukuoka yenye 74. Nagoya ikapanda. Mwaka 2023, mbele ya watu 53,264 kwenye Uwanja wa Taifa wa Japani jijini Tokyo, Tokyo Verdy yenye pointi 75 ilitoka 1-1 na Shimizu S-Pulse yenye 74, tena Shimizu ndiyo iliyokuwa na tofauti kubwa zaidi ya mabao. Penalti ya Verdy ilipigwa dakika ya sita ya majeruhi, na sare hiyo ikatosha kuipandisha. Sare yenye pengo la pointi 1 ikapewa uzito uleule wa sare yenye pengo la pointi 15.

JEF yenyewe inaijua vizuri hesabu hii. Nusu fainali ya 2013 ilitoka 1-1 na Tokushima kule Naruto, nyumbani kwa Tokushima, ikaaga mashindano: Tokushima ilikuwa na pointi 67, JEF 66.

Halafu kuna namna kanuni inavyoharibu mchezo wenyewe. Mwenye sare mkononi akifika dakika ya 75 anamtoa mshambuliaji, anaingiza beki wa kati wa tatu, anapaki basi ndani ya boksi. Mpira ukipatikana unapelekwa kwenye kibendera cha kona kuulia muda. Na mara nyingi hilo humgeukia, maana timu iliyokaa boksini hairuhusu kingine ila krosi, kona na mipira ya kudondoka. Mwaka 2012 JEF ilihitaji sare tu dhidi ya Oita Trinita. Ikafungwa dakika ya 86. Mwaka 2014 Iwata ilikuwa 1-1 na Montedio Yamagata, sare inaitosha, ikatokea kona dakika za majeruhi. Kipa wa Yamagata, Norihiro Yamagishi, akapanda mbele hadi boksini na kufunga kwa kichwa. (Tunakiri: bila kanuni hii, pengine asingetoka langoni, nasi tungelikosa bao lile.)

Ombi letu ni kifungu kimoja, kiingizwe kabla ya msimu wa 2026/27 kuanza Agosti. Pengo likiwa pointi 4 au zaidi, sare imbebe aliye juu kama ilivyo sasa. Likiwa pointi 3 au pungufu, yaani ushindi mmoja tu, zichezwe dakika 30 za nyongeza kisha penalti. Uwanja wa nyumbani ubaki kwa aliye juu katika hali zote. Kipimo hicho kitumike nusu fainali na fainali, na kila kocha atakijua tangu mechi ya mwisho ya ligi. Kwa mizani hiyo, Fukuoka ya 2015 ingebaki na haki yake, na JEF ya 2025 vilevile, maana Tokushima ilikuwa na 65. Nagoya na Verdy zingelazimika kuendelea kucheza.

Kuna watakaosema nafasi ya tatu itapungua thamani. Sisi tunaona kinyume: timu iliyokwisha kujihakikishia nafasi ya tatu kwa sasa hupumzisha wachezaji mechi ya mwisho, lakini kama pengo la 3 linaweza kuwa 4 au 6, itaingiza kikosi kamili. Na penalti hazitakuwa ngeni kwa yeyote. Kwenye mashindano mafupi ya mpito yanayoanza Februari, kabla ligi haijahamia msimu wa kuanzia Agosti, ninyi wenyewe mmeamua kila sare iende moja kwa moja kwenye penalti, mshindi apate pointi 2 na aliyeshindwa 1. Waamuzi, makipa na wapigaji watakuwa wamefanya mazoezi ya miezi minne mfululizo.

Upande wa utekelezaji, mambo ni mawili. Kocha aruhusiwe badiliko la sita dakika za nyongeza, kama sheria za mchezo zinavyokubali, kwa sababu miguu ya wachezaji waliotoka kumaliza mechi 38 haitadanganya. Na ratiba ya matangazo iachiwe nafasi: fainali ikianza saa 7 mchana, nyongeza na penalti zitakwisha kabla ya saa 10.

Wako,
Wafuatiliaji wa J2 wa lugha ya Kiswahili