Barua kwa mwanangu: hiyo cherehani usiuze

Marahaba baba. Voisi yako nimeisikiliza, mara ya kwanza nikiwa sokoni sikuelewa vizuri kwa kelele za wauza mitumba, nikairudia usiku. Nimefurahi, usije ukasema mama hajafurahi. Mtoto wangu anaenda Tunduru kuhubiri Injili, babu yako angekuwa hai angechinja yule beberu. Lakini asubuhi dada yako akanionyesha stetasi yako. Cherehani inauzwa, ipo kwenye hali nzuri, bei maelewano.

Baba, cherehani ile?

Hali nzuri gani kwanza, pedeli imefungwa waya na waya niliufunga mimi. Haya, hilo tuliache.

Unasema kiongozi wenu kawaambia mtumishi wa kweli anaacha vyote kama Petro alivyoacha nyavu, na anayebeba vyombo vya kazi kwenda navyo misheni huyo imani yake ndogo. Sawa. Muulize na Paulo naye imani yake ilikuwa ndogo? Fungua Matendo 18, usisome kama mtu anayewahi daladala, soma taratibu. Paulo kafika Korintho, kamkuta Akila na mkewe Prisila, wametoka Rumi juzi tu maana Kaisari Klaudio kawatimua Wayahudi, kazi yao kushona mahema, na yeye fundi mahema, basi akakaa kwao wakawa wanashona pamoja. Mji ule alikaa mwaka mmoja na miezi sita. Mimi nikifika hapo nakiona kabisa kile kibanda, sindano na vipande vimezagaa chini, mteja kaja kuulizia mzigo wake anaambiwa subiri kidogo namalizia mshono, na wewe fundi unajua mwenyewe, mteja anayesubiri kitu chake haondoki, anakaa kwenye benchi anasikiliza lolote utakalomwambia. Sasa wewe unataka kwenda kusimama na spika juani wakati benchi unalo.

Najua utanijibu, wewe hukosi jibu, utasema Sila na Timotheo walipokuja kutoka Makedonia Paulo akaweka kazi pembeni akawa anahubiri tu. Ndiyo. Manake ndugu wa Makedonia walimletea mahitaji, anawaambia mwenyewe Wakorintho kwenye waraka wa pili, na Wafilipi walishamtumia hata alipokuwa Thesalonike, tena zaidi ya mara moja. Na kule Filipi alianzia nyumbani kwa nani? Kwa Lidia wa Thiatira, mwuza zambarau, mwenzangu wa biashara. Lidia ndo alimbembeleza aje akae kwake, Paulo hakwenda kugonga mlango na bahasha. Kuletewa na kuomba ni vitu viwili, mwanangu, hata alipowaaga wazee wa kanisa la Efeso, kule Mileto, aliwaonyesha mikono yake, akasema hii ndo imenilisha mimi na wenzangu niliokuwa nao.

Kwa hiyo usiuze.

Kuna kitu kingine babu yako alikuwa nacho kwenye lile daftari lake la uinjilisti, nimelitoa jana kabatini limeliwa na mende pembeni. Aliandika habari za Didake, mafundisho ya zamani sana ya Wakristo wa mwanzo, yalikuwa yamepotea yakaja kuonekana tena Konstantinopoli mwaka 1873. Mle kuna utaratibu wa kupokea wahubiri wanaopita. Akija mtume mpokeeni kama Bwana, akae siku moja, ikibidi na ya pili, akikaa tatu huyo nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anapolala, akiomba hela, nabii wa uongo. Na mgeni akitaka kukaa kabisa, ana ufundi, afanye kazi ale. Asiyetaka, wanasema huyo anamfanyia biashara Kristo. Nilisoma hapo nikacheka peke yangu, afu nikaacha kucheka.

Manake najua unachowaza. Kwamba mama naye leo ndo wa kusema haya. Ule muhula uliokaa nyumbani ukiwa kidato cha pili, nilikwambia biashara mbaya, mvua zimezidi watu hawanunui vitenge. Biashara haikuwa mbaya kiasi kile. Kuna mtu alikuja pale uwanjani na hema kubwa, na hema lenyewe hakulishona yeye, akasema habari za kupanda mbegu, yaani utoe hela uvune baraka, na mimi nilikuwa nimebeba pochi. Basi. Ndo ukaenda kujifunza kwa fundi, ndo na mimi nikahangaika mwaka mzima kuipata ile cherehani, wewe ukadhani ni zawadi ya Krismasi.

Sasa unaelewa kwa nini nasema usiuze.

Halafu usiende kichwakichwa kama kwamba huko hakuna watu wenye dini zao na heshima zao. Ukifika salimia wazee kwanza, shikamoo haikupunguzii upako. Mkubaliane na wenzako mapema nani anapika nani anashika hela, manake hata Yerusalemu, kanisa bichi kabisa, mitume wote wapo, wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahaulika kwenye chakula mpaka ikabidi wachaguliwe watu saba wa kusimamia. Na ukishindwa rudi. Sitaki nisikie umekaa huko unaumwa malaria unaona aibu kurudi. Yohana Marko aliwaacha akina Paulo njiani Pamfilia akarudi Yerusalemu, na Paulo kukasirika alikasirika, akagombana na Barnaba mpaka wakaachana kwa ajili yake, lakini mwisho wa yote anamwambia Timotheo mlete Marko, ananifaa. Waraka huo huo anaagiza na joho lake aliloliacha kwa Karpo kule Troa. Wewe sweta unalo? Lile la kijani lipo huku.

Jambo moja la mwisho hapo, nimelikuta daftari hilo hilo. Liwali mmoja wa Kirumi, Plinio, kama mwaka 112 hivi alimwandikia Kaisari Trajani kutoka Bithinia na Ponto, Ponto ile ile aliyozaliwa Akila. Analalamika imani hii imeingia mijini, vijijini mpaka mashambani, mahekalu yalikuwa karibu kubaki matupu na nyama za sadaka wanunuzi wake walikuwa wa kuhesabu. Hebu fikiria wauza nyama wamedoda kwa sababu ya Yesu. Akataka kujua ukweli akawatesa wajakazi wawili waliokuwa wahudumu wa kanisa. Wajakazi, baba, watu wa kufua na kuchota maji. Jina la mhubiri mkubwa humo halimo hata moja. Hata Antiokia walioanza kuwaambia Wayunani Injili ni watu wa Kipro na Kirene waliokimbia mateso ya wakati wa Stefano, majina yao hayakuandikwa, mitume walibaki Yerusalemu. Kiongozi wenu yeye naona picha yake ipo kwenye tisheti zenu. Nyamaza mama, haya nanyamaza.

Bibi yako anakusalimia, goti limepoa kidogo tangu aanze kukandwa. Mbuzi kazaa mapacha, mmoja dhaifu tunamnywesha kwa chupa. Mdogo wako anadai raba za michezo nimemwambia asubiri mwezi uishe. Zipu nyeusi na vifungo vya mashati nimekununulia kwa jumla, nimempa konda wa basi la asubuhi, ukazichukue kesho stendi, mwambie mzigo wa mama muuza vitenge anajua.

Cherehani wala siyo mzigo. Kichwa kinafunguka, kitoe na mkanda wake, kizungushie blanketi utie kwenye gunia, ukae nacho miguuni usikubali wakiweke kwenye buti chini ya magunia ya watu. Meza utachongesha huko huko, mbao kule zipo.

Dada yako kaniambia mnunuzi keshakupa kianzio elfu themanini. Mrudishie. Kama umeshaitumia useme, usinidanganye, nina laki na ishirini ya bati la jikoni, jioni nikifunga meza nakutumia themanini na ya kutolea. Jiko likivuja tutakinga sufuria kama mwaka jana. Ukishamrudishia nipigie, sio voisi, nipigie.

Mama