Honi bubu: someni kabla ya kuifungua
Wakuu, habari za jioni. Honi ya gari la zamani usiifungue kabla ya kuijaribu moja kwa moja kwenye betri ya volti 12. Ikilia, honi ni nzima. Tatizo liko kwingine: kagua fyuzi, swichi na ethi (waya wa umeme unaofungwa kwenye bodi ya gari). Chumvi ya bahari hupenda sana ethi, wa Kigamboni mnaijua.

Ikifanya “tik” tu, fungua, pitisha msasa namba 400 kwenye platini (ncha za chuma zinazogusana kupitisha umeme) mara mbili tatu, futa vumbi lote. Gasketi ya karatasi msitupe! Ukiweka silikoni nene badala yake, nafasi ya diaframu (bamba jembamba linalotetemeka na kutoa sauti) inabadilika na honi inakoroma. Skrubu ya nyuma, ya kurekebisha sauti, zungusha robo-robo, kila mara bonyeza honi sekunde moja tu; platini zikigandana, koili (waya uliozungushwa ndani ya honi) inaungua.