Shukrani kwa kaka wa mgongo wa Nkungwe

Kaka uliyetusaidia kule juu Mahale, jina lako hatukulipata, lakini shukrani hizi ni zako.

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti, kipupwe kikiisha. Tulitoka Kigoma mjini marafiki watupu, tukiitafuta Nkungwe, kilele cha mita 2,462. Msitu wa chini una kivuli. Ukishauacha unabaki na mgongo wa mlima, mawe, na nyasi kavu zinazoteleza kuliko tope. Pale pembamba, pa kukwea kwa mikono na miguu, mwenzetu mmoja aliganda. Magoti yakamtetemeka, machozi yakamtoka. Askari wa hifadhi alikuwa akiwavusha wengine mbele.

Wewe ulikuwa unashuka na kundi lako. Hukumvuta, hukumkemea. Ulijibanza chini yake ukamwambia, "Dada, usiangalie ziwa, angalia mkono wangu." Ukamwonyesha jiwe la kukanyaga, kisha jingine, na kila alipofika ulimwacha apumue kwanza. Wenye nguvu wengi hawana subira ya namna hiyo! Mwisho ukampa fimbo yako na kukataa katakata kurudishiwa. Kundi lako lilikusubiri muda wote huo bila kunung'unika. Nao Mungu awabariki.

Alifika kileleni. Akaiona Tanganyika ilivyotandaa, akalia tena, sasa kwa furaha.

Fimbo anayo kwake Ujiji. Mama yake anakuombea dua, na anasema ukipita huko usile hotelini: ugali na mgebuka wako upo.