Barua kwa bapeti wa kode wa Bukavu: mupunguze linki, musome

Bapeti wangu wa Bukavu, nyinyi wa Nguba, wa Kadutu, wa Panzi, na wewe wa Bagira mwenye unanitumiaga ujumbe saa sita ya usiku ukiuliza "Papa, umelala?", jambo yenu wote. Mi njo ule muzee wa Nyawera mwenye munaitaga Papa Printa, juu zamani kazi yangu ilikuwa kufungua maprinta za watu na kutoa karatasi yenye imekwama. Nyinyi munajiita madevu, yaani developa, watu wa kuandika programu, nami kila mara nacheka peke yangu, juu mwenye ndevu hapa ni mimi, na ziko nyeupe.

Wiki iliyopita mmoja wenu alipanda ku biro yangu, sitamutaja, akaniuliza: Papa, blogu gani nisome ili niwe fundi wa kweli wa kode? Mbele nijibu akatoa telefoni akanionyesha orodha, blogu mia moja ambazo kila mutu wa kode lazima asome, ametumiwa na rafiki, rafiki ametumiwa na mwingine. Nikamuuliza, umesoma ngapi? Akasema, "Papa, nilizisevu." Umezisevu wapi? Akaanza kutafuta, akateremsha kidole weee, akapita picha za harusi, akapita video ya mpira, hakuziona. Tulicheka sana. Alipoenda nikabaki nafikiri, huyu mtoto ana akili kuliko mimi nilivyokuwa, ana mashini nzuri, ana rezo ata kama inayumba, lakini hasomi, anakusanya tu kama mutu mwenye anajaza sambaza mu kifuko na nyumbani hana mafuta ya kukaanga.

Mi nilianza 2003 mu siberi moja, nyumba ya kulipia intaneti, hapa Nyawera, tulilipa kwa saa, na saa yenyewe nusu inaisha ukingoja ukurasa ufunguke. Nilikuwa na disketi, zile za 1.44 MB, picha moja ya telefoni zenu za leo haiwezi kuingia mule. Naingia, nachagua kurasa tatu au ine, nazikopi mu disketi, natoka mbiyo, naenda kusoma ku nyumba ku mashini ya zamani kama moto ya umeme iko. Kama moto haiko nangoja, na nikingoja niko narudilia mu kichwa ile ya jana. Sisemi zamani ilikuwa tamu, ilikuwa mateso, disketi nyingine inaharibika ku mufuko juu ya jasho. Lakini juu nafasi ilikuwa ndogo nilichagua, na chenye nilichagua nilikisoma mara sita.

Njo vile nilikutana na Joel Spolsky, Mumarekani mwenye alianza kuandika ku blogu yake 2000, na miaka nane kiisha yeye na Jeff Atwood wakaanzisha Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya kode, yenye nyinyi wote munafanyaga kopi-kole kule. Mwezi wa kumi 2003 aliandika makala juu ya Unicode, kusema kompyuta inaandika herufi namna gani. Mi wakati ule nilikuwa natolea shule moja orodha za wanafunzi, na kila mtoto mwenye jina Aimé alikuwa anatoka ku karatasi AimÃ©. Nilisafisha kichwa cha printa, nikanunua wino mupya, nikamwambia direktere printa yake imezeeka. Kumbe! Ile makala inakwambia, hakuna maandishi matupu, mu kompyuta kuko namba tu, na kama haujui namba zimeandikwa kwa mutindo gani haujui kitu. Mu UTF-8, mutindo mumoja wa kuandika hizo namba, ile é inachukua bayiti mbili, yaani namba mbili ndogo, C3 na A9, sasa programu yenye inafikiri kila herufi ni bayiti moja inasoma C3 inaandika Ã, inasoma A9 inaandika ©. Printa haikuwa na kosa lolote, masikini. Nililipwa kazi ya printa na ugonjwa ulikuwa kwingine, na mpaka leo nikimuona ule direktere navuka barabara.

Makala moja tu, bapeti. Ilinitoa mu upofu.

Ya pili njo ile inaniumaga zaidi. Patrick McKenzie, Mumarekani mwenye alikuwa anaishi Japani na jina lake lilikuwa linasumbua makompyuta ya kule, 2010 aliandika orodha ya mambo ya uongo yenye watu wa kode wanaamini juu ya majina. Kwamba kila mutu ana jina la kwanza na la mwisho, kwamba jina haligeuke, kwamba watu wawili hawawezi kuwa na jina moja kamili, inaendelea hivyo. Mi niliisoma nimechelewa. Nilikuwa nimeshatengenezea shule nyingine programu ya biletini, zile karatasi za maksi, nikaweka fasi mbili tu, nom na prenom, kama mufano wenye nilikopi ku intaneti. Mi, mwana wa Kongo! Mi mwenye nilizaliwa mbele ya 1972, wakati wa Zaire walikataza majina ya kikristo na kila mutu akapata postnom, jina la kienyeji la kuongeza, leo niko na majina matatu ku karata yangu, na nikajenga programu yenye haina fasi ya postnom. Watoto wawili wa darasa moja, nom moja, prenom moja, postnom tofauti, programu ikawafanya mutu mumoja. Mama wa mumoja alikuja na mwavuli wake, akaweka biletini mbili ku meza yangu, akauliza: kati ya hizi wa kwangu ni yupi? Sikuwa na jibu. Nilirudi shule siku ine, na daftari za walimu, kuandika upya maksi zote kwa mukono.

Sasa musikilize vizuri, orodha ya McKenzie haikuandikwa kwa ajili ya Bukavu, lakini ukiisoma kama Mukongo unaona vitu vyenye yeye hakuviweka. Njo kusoma huko. Haimaanishi kukubali kila kitu, inamaanisha kuleta mama mwenye mwavuli ku meza ya muandishi na kuuliza, na huyu je?

Kwa hiyo mukiniuliza tusome nani, mi nawaambia mutafute wenye wanaeleza walivyovunja. Wenye wanaeleza walivyoshinda ni wengi na wote wanafanana. Mufano wangu wa kwanza ni GitLab, kampuni yenye watu wanawekaga kode yao kwake. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, fundi wao alikuwa anapambana na baze ya data, nakala ya pili ilikuwa imebaki nyuma ya ile kubwa, akaamua kufuta folda ya ile nakala ili aanze upya. Amri akaitoa ku serva isiyo yake, ile kubwa yenyewe. Aligundua kiisha sekunde moja ao mbili, akasimamisha, lakini ku gigabaiti karibu 300 ilibaki 4.5. Moyo wangu unapigaga mbiyo kila nikiisoma. Kiisha wakaenda kutafuta bakapu, zile nakala za akiba. Ile ya kila siku ilikuwa inashindwa kimya juu ya versio ya PostgreSQL, programu ya baze yao ya data, na mabarua pepe ya kuwaambia kwamba inashindwa nayo ilikuwa inakataliwa njiani, hakuna mwenye aliiona. Kilichowaokoa ni nakala moja yenye mutu alichukua kwa mukono masaa sita mbele ya ile ajali, kwa kazi nyingine kabisa. Wakapoteza kazi ya masaa sita, na wakaandika yote wazi, wakati wanatengeneza wakaruhusu dunia nzima iangalie ku video.

Nilivyomaliza kuisoma mara ya kwanza nilisimama nikaenda kujaribu kurudisha bakapu ya muteja wangu mumoja, duka la dawa. Faili ilikuwepo, kila usiku, tarehe nzuri, jina nzuri. Ndani, zero. Diski ilijaa mwezi mbele. Hakuna mwenye alijua, na leo njo munajua. Nyinyi mwenye muko nachunga baze ya mutu, mara ya mwisho mulirudisha bakapu ku mashini nyingine mukaona kama inafunguka ni lini? Ndiyo, nauliza wewe wa Bagira.

Cloudflare, kampuni yenye tovuti nyingi zinapitia kwake, nao wanaandikaga vizuri. Julai 2, 2019 sehemu kubwa ya intaneti ililala dakika 27 juu ya regeksi moja, mustari wa alama wa kutafuta maandishi, yenye iliandikwa vibaya ikakula prosesa zote, na mu maelezo yao wanakuchukua hatua kwa hatua mpaka unaelewa kwa nini nyota (*) mbili mu mustari mumoja zinaweza kuua serva. Niliitumia kufundisha regeksi, ikafanya kazi kuliko masomo yangu yote.

Kuna Julia Evans wa Kanada, muende kumusoma kama munaogopa Linux (sistemu ya kuendesha mashini), DNS (yenye inageuza majina ya tovuti kuwa namba) ao Git (ya kuchunga historia ya kode). Anaandika kama mutu mwenye amegundua kitu asubuhi na anakimbia kukuambia, na hana haya kusema hii sikuielewa miaka mingi. Kuna Dan Luu, kurasa zake hazina urembo, maandishi tu kutoka ukuta mpaka ukuta, zinafunguka ata ku rezo ya mvua, na yeye mwenyewe ameandika juu ya namna tovuti za siku hizi zinatesa watu wenye intaneti ya polepole. Yaani sisi. Ukitaka kutengeneza apu ya watu wa Kadutu, usome ile mbele ya kuweka zile picha zako kubwa.

Martin Fowler, muandishi wa mambo ya kode, ni muzee mwenzangu, namuheshimu, lakini naye munisikilize. 2014 yeye na James Lewis waliandika ile makala ya mikroservisi, dunia nzima ikaamka kukata programu vipande vipande. Mwaka wenye ulifuata Fowler mwenyewe aliandika kwamba ni afazali kuanza na programu moja nzima, ukate baadaye ukijua fasi ya kukata. Hiyo ya pili haisambaziwagi. Njo maana nilikuta vijana watatu hapa wakitengeneza apu ya wamama wenye wanauzisha samaki, wamama kumi na wawili, na servisi saba ku serva moja yenye RAM ya giga moja! Serva ilikuwa inakufa kila asubuhi mbele wamama wafike sokoni. Tuliunganisha zote mu programu moja na SQLite, baze ya data ndogo yenye inakaa mu faili moja, kwa siku mbili, imenyamaza mpaka leo.

Najua Kingereza kinawatesa, kilinitesa mimi pia. Wakubwa wenu wengi walijifunza ku Site du Zéro, yenye kijana wa Ufaransa Mathieu Nebra alianzisha 1999 akiwa na miaka 13, juu vitabu vilikuwa vigumu kwake, leo inaitwa OpenClassrooms. MDN nayo kwa mambo ya web iko na Kifaransa. Muanze kule, hakuna haya. Lakini Kingereza musikikimbie milele, muchukue aya moja kwa siku, na neno lenye haulijui uliandike. Mi nilijifunza hivyo, na mpaka leo matamushi yangu inachekesha watu, lakini nasoma.

Shida ya mega, data ya intaneti, pia najua. Video inakula forfe yako ya wiki na ukimaliza unakumbuka tu sauti ya yule mutu, ukurasa wa maandishi ni kidogo sana na unaweza kurudi nyuma kwa jicho. DevDocs, tovuti ya maelezo ya lugha za kode, unaiwasha siku moja kwenye rezo nzuri, unaiambia ihifazi lugha zenye unatumia, kiisha unazisoma bila intaneti. Kiwix inakuwekea Wikipedia ku mashini ao ku kle ya USB, ata Stack Overflow iko mule. Mi niko nazo ku diski moja, mulete kle zenu nitawakopia bure, lakini mulete kle yenye haina virusi, tafazali, ile ya mara iliyopita nilishinda Jumapili nzima.

Kuhusu ile IA, akili bandia, yenye munauliza kila kitu, siwakatazi, na mi natumia. Shida yake, ikijua na isipojua inaongea kwa sauti ile ile. Kama haujasoma kitu upande mwingine, utatambua namna gani? Ilinipa siku moja funksio yenye haipo kabisa, na maelezo mazuri juu yake, nikaitafuta saa nzima kama mutu mwenye anatafuta nyumba ya mugeni mwenye alidanganya adresi.

Na kitu kimoja nimekitafuta kote, sijakiona kimeandikwa kwa jicho letu: mutu analipa kwa telefoni, rezo inakatika katikati, ujumbe haufiki, anabonyeza tena, anakatwa mara mbili. Dawa ni kila malipo kuwa na namba yake yenye haigeuke, serva ikiiona mara ya pili ijibu tu jibu la kwanza. Wazungu wameandika juu ya hiyo, ndiyo, lakini nani ameandika juu ya mama wa ku soko ya Kadutu mwenye telefoni ya vidude, betri asilimia tatu, na muteja anasimama mbele yake anasema "nimelipa"? Nyinyi njo munaona hiyo kila siku. Muandike kwa Kiswahili chetu hiki, ata kama grama inaumwa.

Jumamosi nitakuwa ku biro tangu saa tatu. Kila mutu achague makala moja ku zile nimetaja, moja tu, aisome mpaka aweze kunieleza bila telefoni, na alete ku daftari kitu kimoja chenye alijaribu nayo na namna kilimuvunjikia. Chai iko. Sukari mulete wenyewe.

Papa Printa, Nyawera